Nani analipa? Majibu ya maswali yenu kuhusu mkaa, mikoko, mwani na upepo

Makala ya mwezi uliopita kuhusu kampeni ya nishati safi ya kupikia imeleta barua nyingi kuliko kawaida, na si za mkaa peke yake. Wengi mmegeukia mambo mengine yanayobebwa na neno hilohilo "endelevu": biashara ya kaboni, mwani, mitambo ya upepo, hata mifuko ya rambo. Nimechagua saba. Barua nimezifupisha, ukali wenu nimeuacha ulivyo.

"Mimi ni mama lishe hapa Mbagala. Kila nikifungua redio: tuache mkaa, tuache mkaa. Mwandishi, umewahi kuchemsha maharage ya watu arobaini kwa gesi? Mtungi unaisha katikati ya biashara na hela ya kujaza sina."

Mama, wewe umegusa pale ambapo kampeni nyingi hupapita kwa haraka. Mkaa unakubaliana na mfuko wako. Asubuhi una elfu mbili, unanunua kopo. Mchana mauzo yakichangamka, unaongeza kisado. Gesi haitaki kusikia habari hiyo. Mtungi wa kilo 6 ukiisha unatakiwa utoe pesa yote kwa mkupuo, na hapo ndipo unakuta leo ni siku ya marejesho ya kikoba. Anayekuambia gesi ni nafuu kwa mwezi huenda amepiga hesabu sawasawa, maana mkaa wa kopokopo ni ghali kuliko wa gunia. Ila yeye anapokea mshahara wa mwezi, wewe unapokea mapato ya siku.

Kuna njia mbili za kupunguza mzigo. Ya kwanza ni gesi ya kulipa kadri unavyotumia: mtungi unafungwa na kifaa cha kupima, unatuma pesa kwa simu, hata kidogo, na gesi inafunguka kwa kiasi hicho. Huduma ya aina hii imeshaingia Dar es Salaam, ingawa si kila mtaa. Ya pili ni jiko la presha la umeme. Kilo ya maharage yaliyolowekwa usiku kucha huiva humo kwa takriban nusu uniti. Ukiwa kwenye bei ya kawaida ya shilingi 292 kwa uniti kabla ya kodi, maharage hayo hayafikishi shilingi 200. Shida ni kwamba majiko mengi ya aina hiyo ni ya lita 6 hivi, kwa watu arobaini utapika kwa awamu, na umeme ukikatika saa nne asubuhi wateja hawatakuelewa. Kwa hiyo sitakwambia utupe jiko la mkaa kesho. Hamishia maharage na makande kwenye presha, maana hayo ndiyo yanayokula mkaa kwa saa nyingi. Ugali na kukaanga viendelee na gesi au jiko banifu. Na jiko la mkaa, hata liwe banifu kiasi gani, usiliingize kwenye chumba kilichofungwa. Ile hewa isiyoonekana wala kunuka inaua.

Sasa upande wa wakubwa. Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia, uliozinduliwa mwaka 2024, unataka asilimia 80 ya Watanzania wawe wanatumia nishati safi ifikapo 2034. Taasisi zinazolisha watu zaidi ya 100 kwa siku ziliambiwa ziache kuni na mkaa mwishoni mwa Januari 2024. Kwa taasisi sina ubishi mkubwa: shule ina bajeti, ina mhasibu, inaweza kufunga mfumo na kulipa kwa muhula. Ninapokwaruzana na wapanga mipango ni kwenye mitungi ya bure. Imegawiwa kwa shangwe na kamera, kisha gesi ya kwanza ikaisha, na nyumba kadhaa ninazozijua mtungi umebaki kona ya jiko kama pambo. Ruzuku ingefuata kujaza, tena kujaza kidogokidogo, ungeona watu wanavyohama wenyewe bila kuhubiriwa.

"Nyinyi wa mjini mnapewa ruzuku ya gesi, sisi tunaochoma mkaa tunaitwa waharibifu. Ufuta wangu mwaka huu umeungua na jua. Nisipochoma mkaa watoto wale nini?" Msomaji, Kilosa

Ndugu yangu, watu wengi hawaingii porini na shoka kwa sababu wanapenda moshi. Mkaa ndiyo benki ya mkulima ambaye mvua imemtupa. Mvua ikikosekana Februari, magunia yanaonekana barabarani Aprili. Ukipiga marufuku bila kugusa chanzo hicho, mkaa unahamia usiku, bei inapanda, na faida inaliwa na mwenye lori na anayemfungulia kizuizi. Wewe bei yako ya porini inabaki palepale.

Jambo jingine halisemwi vya kutosha: misitu mingi ya nchi hii inaondoka kwa kufungua mashamba mapya. Mchoma mkaa anaonekana zaidi kwa sababu bidhaa yake inapita barabarani. Eneo lililokatwa kwa mkaa likiachwa linaweza kurudi. Miti mingi ya miombo huchipua kwenye visiki. Eneo likishalimwa na kuchomwa moto kila mwaka, halirudi.

Wilaya yako yenyewe ni mfano. Kuanzia mwaka 2012 baadhi ya vijiji vya Kilosa vilifanya kazi na Shirika la Kuhifadhi Misitu ya Asili Tanzania pamoja na MJUMITA, mtandao wa jamii zinazosimamia misitu, kwa mpango wa mkaa endelevu. Kijiji kinapima ardhi yake, kinatenga msitu wa hifadhi wa kijiji, na ndani yake kinatenga sehemu ya mkaa. Sehemu hiyo inagawanywa miraba ya mita 50 kwa 50. Unavuna mraba mmoja, wa jirani yake unaacha umesimama, ukiangalia kwa juu ni kama ubao wa drafti. Kingo za mito haziguswi, miti ya mbao haiguswi, visiki vinaachwa vichipue, na mraba uliovunwa unapumzika miaka 24. Mchomaji analipa ushuru kijijini, na kwa kuwa msitu ni wa kijiji, kwa mujibu wa Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 na Sheria ya Misitu ya 2002, mapato ni ya kijiji. Yapo madarasa na nyumba za watumishi zilizojengwa na pesa hiyo.

Tanuri nalo lina siri zake. La kawaida, kwenye kilo 100 za kuni unatoa mkaa kilo 10 hadi 20. Magogo yakiwa mabichi, hata hiyo 20 usiiote. Yaache yakauke, yapange kwa kubana, makubwa katikati, ziba vizuri kwa nyasi na udongo, na weka bomba la moshi ili usimamie hewa badala ya kukimbizana na nyufa usiku kucha. Mkaa unaongezeka kutoka miti ileile.

Mpango huu haukosi udhaifu. Mchomaji anayelipa ushuru anashindana na mkaa wa porini ambao haulipiwi kitu, na lori likifika Dar magunia yote yana rangi moja. Na mfadhili akiondoka, kamati ya maliasili inabaki na doria isiyo na posho. Kama kijiji chako kinafikiria kuanza, kabla ya ramani na miraba, hakikisheni hesabu za ushuru zinasomwa mbele ya mkutano mkuu wa kijiji, kila robo mwaka, kwa sauti. Vijiji vinavyochoka huanza kuchokea hapo.

"Nisaidie kwa mtihani: maendeleo endelevu ni nini, na yana tofauti gani na ukuaji wa uchumi? Mwalimu anasema ni mafiga matatu: jamii, uchumi, mazingira." Mwanafunzi, Dodoma

Andika kwamba mwaka 1987 tume ya Umoja wa Mataifa iliyoongozwa na Gro Harlem Brundtland wa Norwe iliyaeleza kuwa ni maendeleo yanayotimiza mahitaji ya waliopo bila kuwanyima watakaokuja uwezo wa kutimiza ya kwao. Halafu ongeza ambacho wengi huruka: ripoti hiyohiyo ilisema mahitaji ya kutangulizwa ni ya maskini. Malengo 17 ya mwaka 2015, yanayopaswa kufikiwa 2030, ni mtoto wa mazungumzo hayo.

Mafiga ya mwalimu wako yatakupa alama, mafiga ni mazuri kwa kukariri. Tatizo lake ni kwamba mafiga hayagombani. Haya matatu yanagombana kila siku. Chukua Bwawa la Julius Nyerere kule Rufiji: mitambo tisa, megawati 2,115, umeme ambao nchi ilikuwa inauhitaji kweli. Lakini mto huohuo ulikuwa unashusha tope kila mafuriko, na wakulima wa bondeni walilima mlau juu ya unyevu huo maji yakishapungua. Tope hilohilo ndilo linaloshikilia mikoko ya delta, pale mto unapoingia baharini. Bwawa hukamata tope. Ukiingiza umeme kwenye pato la taifa na usiingize mlau, umeona ukuaji. Ukiweka vyote viwili kwenye daftari moja, hata kama mwishoni utasema bwawa lijengwe, ndipo umeanza kuzungumza maendeleo endelevu. Huo mfano uandike, msahihishaji atakuwa amechoka na mafiga.

"Kuna watu wamefika huku delta wanasema watatulipa kwa hewa ya mikoko. Tunaambiwa tusaini. Hewa inauzwaje? Isije ikawa upatu mwingine." Msomaji, Kibiti

Si upatu, ingawa matapeli wanaweza kulitumia jina lake. Mikoko inavuta hewa ya ukaa na kuihifadhi, sehemu kubwa chini kwenye tope kuliko kwenye shina. Kampuni au mtu wa Ulaya anayechafua hewa analipa ili tani kadhaa zibaki huko tope lilipo. Wataalamu wanapima, mkaguzi wa nje anathibitisha, cheti kinauzwa.

Mfano wa karibu uko Gazi, Kaunti ya Kwale, Kenya. Tangu 2013 vijiji vya Gazi na Makongeni vinaendesha mradi wa Mikoko Pamoja: hekta 117, takriban tani 3,000 za hewa ya ukaa kwa mwaka. Miaka ya mwanzo hiyo ilikuwa kama dola 12,000 kwa mwaka. Si hela ya kununua pikipiki kila nyumba. Ukiigawa kwa kichwa kwenye vijiji vyenye watu maelfu haifiki popote. Ndiyo maana waliipeleka kwenye maji ya bomba na vitabu vya shule, vitu ambavyo kila mtu anavigusa. Nakwambia kiasi hicho makusudi, kwa sababu anayekuja kwenu na hadithi ya mabilioni kwenye hekta chache anahitaji kuulizwa maswali.

Na swali la kwanza ni hili: mikoko ni ya nani? Tanzania Bara, mikoko ni msitu wa hifadhi wa serikali chini ya Wakala wa Huduma za Misitu (TFS). Kijiji hakiwezi kusaini peke yake kuuza kisichokuwa chake, kinachowezekana ni usimamizi wa pamoja wenye makubaliano ya maandishi. Kwa hiyo kama wageni wenu wamekuja na karatasi bila TFS wala halmashauri, wapeni chai waende. Gazi nako msitu ni wa serikali. Wanakijiji walilazimika kwanza kupata makubaliano na idara ya misitu ndipo mambo mengine yakafuata.

Wakirudi wamekamilika, ulizeni mkataba ni wa miaka mingapi, maana kuna ya miaka thelathini, na aliyesaini atakuwa kaburini watoto wake bado wanakatazwa boriti. Ulizeni asilimia ya bei ya mauzo, msikubali "asilimia ya faida", kwa sababu faida huliwa na gharama za ofisi kabla haijafika kwenu. Kenya sheria yao ya 2023 imeweka kwamba jamii ipate angalau asilimia 40 ya mapato ya kila mwaka kwa miradi ya ardhini. Sisi tuna kanuni za biashara ya kaboni za mwaka 2022. Wambieni afisa wa halmashauri awasomee mgawanyo uliomo, kwa Kiswahili, mkutanoni. Na ulizeni mkandaa wa kujengea utatoka wapi. Mradi unaokataza kukata bila kutenga eneo la kuvuna au kupanda miti mbadala utavunjwa na ninyi wenyewe kabla ya msimu wa pili, tena usiku, na lawama itakuwa yenu.

"Mie nalima mwani tokea usichana wangu hapa Jambiani. Sasa kotonii haikui, inapauka na kukatika. Spinosumu yaota lakini bei yake ndogo. Watoto wangu wote wako hotelini. Niwache?"

Shikamoo, Bi Mkubwa. Wewe ni wa kizazi kilichoanza, maana kilimo hiki cha biashara kilishika pwani ya mashariki ya Unguja mnamo 1989, na kikawaweka wanawake pesa mkononi ambayo haikupitia kwa mume. Hilo peke yake ni badiliko kubwa kuliko semina nyingi nilizohudhuria.

Kotonii, ule mwani wenye bei nzuri, inapauka kwa sababu maji ya kina kifupi yamekuwa moto. Mmea ukichoka kwa joto, vijidudu vinaushambulia, ncha inageuka nyeupe, shina linakatika, na asubuhi unakuta kamba na taitai, vile vikamba vya kufungia, tupu. Si uvivu wenu, wala si mkono wa mtu. Spinosumu, mwani wa aina ya pili, inavumilia, ila viwanda vya nje vinavyochuja ule utomvu wa kugandishia dawa ya meno na aiskrimu vinailipa kidogo. Hapo mazingira yameharibiwa na moshi wa nchi za mbali, na anayelipa ni wewe, kwa kilo.

Dawa inayotajwa ni kuhamia maji ya kina kirefu, kwenye kamba zinazoelea, ambako kuna ubaridi na kotonii inakubali. Kitaalamu ni sahihi. Lakini inahitaji chombo na kujua kuogelea, na wengi wenu hamkufundishwa kuogelea kwa kuwa kwa mtoto wa kike ilikuwa ni aibu. Kikundi kikitaka msaada kisiombe kamba tu, kiombe boti na mwalimu wa kuogelea, mwanamke. Nimeona watu wanacheka wakisikia hilo la pili, na ndilo linaloamua nani atabaki kwenye kazi na nani atampisha mwanamume mwenye mashua.

Sabuni na unga wa mwani vinaongeza thamani, ila soko lake ni dogo na linategemea watalii. Vivyo hivyo sponji za baharini, ambazo wenzako hapohapo Jambiani wanazilima: zinachukua muda, lakini sponji moja inauzwa kama bidhaa nzuri, haisubiri mnunuzi wa tani. Mimi ningekushauri ubaki na spinosumu kiasi cha kukulipia mahitaji, uingie kwenye kikundi cha sponji au cha maji makubwa kwa nguvu iliyobaki, na mambo ya bei myazungumze kama wakulima wa kijiji kizima. Mkulima mmoja mmoja mbele ya wanunuzi wachache hajadiliani, anapangiwa. Na hoteli zikianza kusema vigingi vinaharibu mandhari, hao watoto wako walioajiriwa humo ndio wa kuwaambia kwamba vigingi vilitangulia.

"Umeme wa upepo ni safi. Kwa nini basi watu wa Marsabit walienda kortini?" Msomaji, Nakuru

Kwa sababu upepo ni wa Mungu lakini ardhi ilikuwa na wenyewe. Mradi wa upepo wa Ziwa Turkana, huko Marsabit kaskazini mwa Kenya, wenye mitambo 365 na megawati 310, ulizinduliwa 2019 kwenye sehemu ya ardhi ya ekari 150,000 ambayo wafugaji walikuwa wakiitumia. Mwaka 2021 mahakama ya mazingira na ardhi iliyoketi Meru iliamua kwamba hati za ardhi hiyo zilipatikana bila kufuata utaratibu wa sheria. Mitambo yenyewe inachukua kipande kidogo tu, na mbuzi wanapita chini yake. Hata hivyo anayekukuta umelala kwako akaweka hati kwa jina lake hajakuuliza, hata kama amekuachia kona ya kulala. Wangeanza na mkutano wa wafugaji na mgao wa mapato, nadhani umeme ungekuwa uleule na mawakili wangekosa kazi.

"Rwanda wameweza kuondoa rambo. Huku kwetu zilikatazwa na bado naziona. Kwa nini?" Msomaji, Kigoma

Rwanda walianza 2008, Kenya 2017, sisi tarehe 1 Juni 2019, kwa hiyo Wanyarwanda wametutangulia kwa zaidi ya miaka kumi ya kuzoea. Rwanda pia wanabana mpakani. Mgeni anayeshuka na mfuko wa plastiki anauacha. Rambo kubwa za mikono zimepungua kweli hapa kwetu, usiwanyime watu haki yao. Unazoziona ni vile vifuko laini visivyo na mikono, vya karanga na barafu, ambavyo vilibaki kwa jina la vifungashio na sasa vinabeba hadi nyanya. Katazo lilimkaba muuzaji wa genge, aliye mwisho wa mnyororo na mtaji wa elfu ishirini, wakati anayetengeneza au kuingiza maroba ya vifuko hayuko gengeni.

Na ile mifuko mbadala tunayouziwa mlangoni, inayofanana na kitambaa, mingi nayo ni plastiki ya aina nyingine. Itumie mpaka ichanike, usinunue mpya kila safari. Kikapu cha ukili bado kinashinda vyote, ila ukienda kununua dagaa wabichi mwambie muuzaji atangulize gazeti, wanachuruzika.